Kibarua bila barua: Mazungumzo yangu na kijana wa Kisauni soko la Gakoromone

Nina dada aliyeolewa Meru, na kila niendapo kumtembelea sirudi Mombasa kabla ya kupita soko la Gakoromone. Kwa asiyelijua, hilo ni soko kubwa la mazao pale mjini Meru. Utakuta ndizi za Imenti, viazi vya Kibirichia, kabichi, karoti na parachichi. Mengi ya mazao hayo hupakiwa kwenye malori na kuteremka hadi kwetu Kongowea. Ukila mchuzi wa viazi Mombasa, huenda kuna hamali wa Gakoromone aliyelibeba gunia hilo mgongoni alfajiri, kwenye baridi ambayo sisi wa Pwani hatuijui.

Safari hii nilikuwa nikichagua parachichi, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo ami." Salamu hiyo na lafudhi hiyo si za Meru. Nikageuka, nikamwona kijana wa Kisauni ambaye alinisikia nikiongea akajua ni mtu wa nyumbani. Tuliulizana habari za watu wetu, kisha nikamuuliza anafanya nini huku mbali. Akacheka kidogo, akasema, "Kwa sasa sifanyi kitu, ami. Nimefutwa."

Alikuja Meru kama utingo wa lori la viazi. Mfanyabiashara mmoja akampenda kwa uaminifu wake, akambakisha kwenye stoo yake. Kazi yake ilikuwa kupokea magunia, kuyahesabu, kuyapanga na kusaidia kupakia. Usiku alilala humo humo stooni, kwa hivyo alikuwa mlinzi pia. Malipo yalikuwa shilingi 400 kwa siku, siku sita kwa wiki, akitumiwa kwa M-Pesa kila Jumamosi. Alifanya hivyo miaka miwili na miezi minne.

Wiki tano kabla ya kukutana nami, magunia matatu yalikosekana kwenye hesabu. Tajiri hakumuuliza mara mbili. Alimwambia kibarua kimeisha, aende zake, na malipo ya wiki mbili yaliyokuwa hayajalipwa yakazuiwa kufidia magunia. Nilipomuuliza amechukua hatua gani, alinijibu kwa maneno ambayo nimeyasikia Changamwe, Mtwapa, Ukunda na Lamu: "Nitasema nini, ami? Sikusaini chochote."

Makala yangu ya leo yanahusu maneno hayo. Nadhani hakuna imani iliyowagharimu wafanyakazi wetu pesa nyingi kama hii ya kwamba asiyesaini hana haki. Imani hiyo si kweli. Nilimweleza kijana yule sababu, na nawaeleza nanyi.

Neno letu wenyewe

Kwanza tulitazame neno kibarua. Watu wa Pwani tunajua kwamba kibarua ni barua ndogo. Zamani Mombasa, mfanyakazi wa siku alipewa kijikaratasi kuonyesha kwamba amefanya kazi na anastahili ujira wake. Jina la karatasi likahamia kwa kazi, kisha likahamia kwa mtu anayeifanya. Maana yake ni kwamba hata mtu wa chini kabisa kwenye bandari ya kale alikuwa na kipande cha karatasi mkononi. Leo neno limebaki, karatasi imepotea.

Wazee wetu hawakukaa kimya. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao. Januari 1947 mji mzima ulisimama kwa mgomo mkuu, na kiongozi aliyejitokeza, Chege Kibachia, alikuwa mtu wa bara aliyekuja kutafuta riziki Pwani. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka huo huo na kumpeleka mbali na Mombasa. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani matatizo ya kazi ni ya Pwani dhidi ya bara. Mtu wa bara alifungwa kwa ajili ya vibarua wa Mombasa, na leo kijana wa Mombasa amekwama Gakoromone. Shida ni ile ile.

Sikusaini kitu. Je, nina haki?

Ndiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inahusu mikataba ya mdomo na ya maandishi pia. Ukikubaliana na mtu kwa mdomo kwamba utamfanyia kazi naye akulipe, huo tayari ni mkataba.

Sheria hiyo inaendelea kusema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuuandika ni mwajiri. Mfanyakazi asiyejua kusoma anapaswa aelezwe yaliyomo kwa lugha anayoifahamu. Kwa hivyo karatasi inapokosekana, kosa ni la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani naye hana mkataba wa kuonyesha, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai.

Jambo moja hata hivyo linabaki kwako, nalo ni kuonyesha kwamba kweli ulimfanyia kazi. Nilimwomba kijana simu yake. Ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi ulikuwapo, jina la tajiri juu na kiasi chini. Kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp wa kuulizwa magunia mangapi yameingia. Kulikuwa na picha amesimama mlangoni mwa stoo. Wenzake wawili waliokuwa wakipakia naye bado wapo sokoni. Alikuwa akitembea na ushahidi mfukoni wiki tano nzima huku akisema hana kitu.

Mimi ni kibarua wa siku. Nafutwa jioni tu?

Anayelipwa kwa siku kweli anaweza kuachwa mwisho wa siku bila notisi. Hapa ndipo matajiri wengi huishia kusoma. Lakini kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, basi anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Akishakuwa wa mwezi, anastahili notisi ya siku 28 kwa maandishi au malipo badala yake.

Mahakama huangalia kama kweli kazi ilikuwa mfululizo. Aliyekuja wiki moja, akapotea tatu, akarudi siku mbili, atapata taabu kuthibitisha. Kijana wetu alilala stooni miaka miwili na miezi minne. Kumwita kibarua wa siku ni mchezo wa maneno.

Na hapa niseme ukweli kwa mahamali wa Gakoromone na Kongowea. Anayebeba gunia la huyu sasa hivi na la yule baadaye, akilipwa kwa kila gunia na watu kumi tofauti, ni vigumu kumwita yeyote kati yao mwajiri wake. Huyo sheria ya ajira haimfikii vizuri, na kinga yake kubwa ni chama au kikundi cha mahamali wenyewe. Lakini kama unabebea tajiri mmoja tu, kila siku, kwa amri yake, basi kulipwa kwa gunia hakukuondolei uajiriwa. Sheria inaitambua kazi ya kulipwa kwa kipande.

Kimepotea kitu. Anaweza kukata mshahara wangu?

Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Na kama mkataba umemkabidhi mfanyakazi kazi ya kupokea na kutunza fedha, upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wake unaweza kukatwa. Hata hivyo makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Kuzuia wiki mbili zote, bila kuonyesha kwamba kijana ndiye aliyeyachukua magunia, hakumo katika orodha hiyo. Ujira wa siku ulizokwisha kufanya kazi ni wako hata ukifutwa kwa kosa kubwa. Sisi Waislamu tumefundishwa kumlipa mtu ujira wake kabla jasho halijakauka. Jasho la kijana huyu lilikuwa limekauka wiki tano.

Ananishuku kwa wizi. Anaweza kunifukuza papo hapo?

Anaweza kufuta kazi kwa kosa kubwa, na wizi ni mojawapo. Lakini kabla ya hapo lazima akueleze kosa lako kwa lugha unayoifahamu, ukiwa na mfanyakazi mwenzako wa kukusindikiza au mwakilishi wa chama, na akusikilize. Hicho ndicho kifungu cha 41, na kesi nyingi matajiri hushindwa hapa. Huenda sababu yao ilikuwa nzuri, lakini hawakumsikiliza mtu. Kijana hakupewa hata dakika tano. Wala hakuulizwa nani mwingine alikuwa na ufunguo wa stoo, na alikuwapo mwingine.

Mahakama ikiona umefutwa isivyo haki inaweza kuamuru ulipwe fidia, na kiwango cha juu ni mshahara wa miezi 12. Kiwango cha juu si ahadi. Wengi hupata miezi miwili, mitatu au minne kulingana na muda waliotumika na mazingira ya kesi.

Tuhesabu kidogo

Tulikaa kwenye benchi la muuza chai tukaandika nyuma ya risiti. Shilingi 400 kwa siku sita ni 2,400 kwa wiki, yaani takriban 10,400 kwa mwezi. Amri ya mishahara ya kima cha chini iliyoanza Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa kawaida zaidi kidogo ya shilingi 16,100 kwa mwezi katika miji kama Nairobi na Mombasa, na karibu 14,900 katika zilizokuwa manispaa, na Meru ilikuwa manispaa. Hiyo ni kabla ya posho ya nyumba. Kwa hivyo alikuwa akipunjwa zaidi ya shilingi 4,000 kila mwezi. Tajiri atasema alimpa pa kulala. Mimi nitauliza, kulala juu ya magunia huku unayalinda ni nyumba au ni zamu ya usiku?

Kuna likizo pia. Kila miezi 12 ya kazi inakupa siku 21 za likizo yenye malipo. Kijana hakuwahi kupewa hata moja. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba ni haki, na kwa mujibu wa amri ya jumla ya mishahara wiki ya kawaida ya kazi haizidi saa 52. Kwa ugonjwa, baada ya miezi miwili kazini, una siku saba za malipo kamili na saba za nusu malipo kwa mwaka. Mama mjamzito ana miezi mitatu ya likizo yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Kumfuta mtu kwa sababu ya mimba, dini yake au kujiunga na chama si sababu halali hata siku moja.

Dada zetu wanaoambiwa wachague kati ya hijabu na kazi wajue kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Ama saa ya sala ya Ijumaa, sheria ya ajira haikuitaja. Hilo mpatane na mwajiri mapema, na ni vizuri liandikwe.

Kuna na NSSF. Kama mwajiri hakukusajili, una dai la malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi. Kama anakukata lakini hapeleki, hilo ni kosa la jinai. Usisubiri kustaafu ndipo uulize. Angalia taarifa yako sasa.

Mama wa ndizi naye ana hoja

Tulipokuwa tukihesabu, mama mmoja mwenye kibanda cha ndizi jirani alikuwa akitusikiliza. Akanikatiza. "Mzee, unamjaza kijana maneno. Mimi nina msaidizi mmoja. Ndizi zikioza hasara ni yangu, si yake. Likizo ya siku 21 nitaitoa wapi?"

Sikumpuuza, kwa sababu anasema kweli juu ya hali yake. Sheria hii haikumtofautisha mwenye kibanda kimoja na kampuni yenye watu mia tano, na wapo wafanyabiashara wadogo ambao wenyewe hawafikishi kima cha chini kwa mwezi. Hilo ni tatizo ambalo wabunge na serikali za kaunti wanapaswa kulitazama badala ya kujifanya halipo.

Lakini nilimwambia jambo moja. Siku msaidizi wake akiamua kumshtaki kwamba hakupata likizo miaka mitano, yeye mama ndiye atakayeulizwa kumbukumbu. Kama alimpa likizo bila kuandika, itakuwa kama hakumpa. Karatasi moja yenye jina, tarehe ya kuanza, kazi, malipo na siku za mapumziko, pamoja na daftari la kutia sahihi kila mtu anapolipwa au kwenda likizo, humlinda tajiri kuliko anavyodhani. Alinyamaza kidogo, akauliza kama inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Inaweza. Hata Kimeru.

Siku zinahesabiwa

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mwaka 2011 nilikuwa karani wa bohari moja Mombasa. Nilifanya kazi miaka mitatu bila mkataba. Asubuhi moja niliambiwa getini nisiingie. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu ndiyo riziki ilipoishia, kwani sikusaini chochote. Nilikuwa na diploma kabatini na sikujua ninachokijua leo. Mwaka 2015 nilihudhuria semina ya masuala ya kazi, mwanasheria akaeleza haya yote, nikainua mkono kuuliza juu yangu. Akaniuliza ni lini. Nilipomwambia, alitikisa kichwa. Madai ya kazi yana muda wa miaka mitatu, na wangu ulikuwa umepita. Haki ilikuwepo, nami niliiacha ikafa kwa kutojua.

Kwa hivyo zishikeni tarehe hizi. Malalamiko ya kufutwa isivyo haki yapelekwe kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Madai ya jambo lililokuwa likijirudia, kama kupunjwa mshahara kila mwezi, yana muda mfupi zaidi, miezi 12 tangu lilipokoma. Aliyeumia kazini ana miezi 12 kuwasilisha dai lake la fidia chini ya sheria ya majeraha ya kazini, kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala haendi moja kwa moja mahakamani.

Kwa afisa wa leba hulipi kitu, na huhitaji wakili. Mambo mengi humalizwa pale kwa pande mbili kuitwa mezani. Yakishindikana, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Mombasa na Malindi kwetu, na Nyeri na Meru huko. Tangu 2018, mahakimu waliochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali wanaweza kusikiliza kesi za wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa hivyo kesi nyingi hazihitaji kusafiri mbali. Mombasa kuna Kituo Cha Sheria kwa wasio na uwezo wa wakili, na wafanyakazi wa hoteli na wa nyumbani wana chama cha KUDHEIHA.

Kijana alifanya nini

Nilimsindikiza hadi ofisi ya leba siku iliyofuata kabla sijapanda basi. Aliandika malalamiko yake mwenyewe, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Wiki mbili baadaye alinipigia. Tajiri alikuwa ameitwa na alifika, akiwa na daftari lake la malipo ili aonyeshe kwamba alikuwa akilipa vizuri. Jina la kijana lilikuwamo kila Jumamosi, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa tajiri mwenyewe. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena kwamba alikuwa mfanyakazi wake.

Walikubaliana alipwe wiki mbili zilizozuiwa, mwezi mmoja wa notisi na likizo zake, kwa mafungu matatu. Kupunjwa na fidia hakuvifuatilia. Nilimwambia angeweza kudai zaidi. Akanijibu, "Najua, ami. Lakini nataka kurudi nyumbani nianze kitu." Uamuzi ni wake. Tofauti ni kwamba ameuamua akijua anachokiacha.

Ndugu msomaji, kama una kazi isiyo na karatasi, usiku huu andika mahali tarehe uliyoanza, unacholipwa na nani anakulipa. Usifute ujumbe wa malipo. Kesho mwombe mwajiri wako, kwa adabu, barua ya kazi. Na kama wewe ndiye tajiri, mwandikie kijana wako kabla hajakuomba.

Wassalamu alaikum.